Sare za Watoto wa Tundwani

Wewe uliyekaa hapo, hebu kiweke chini hicho ulichoshika unisikilize. Nina watoto ndani ya kikapu. Hawana vichwa, hawana miguu, hawali, hawalii, wala hawagombani, na kila mmoja nikimtoa namjua kwa jina lake na la baba yake. Ni kina nani hao?

Fikiri kwanza. Usiseme mayai. Kila mtu husema mayai.

Umeshindwa? Basi usinipe mji, leo mji nautoa mimi mwenyewe: Guangzhou, huko China, mwaka wa tisini na nane. Na hao watoto ni kamba. Kamba nyembamba za makumbi ya nazi, tulizosokota wenyewe, kila moja kipimo cha mtoto mmoja. Fundo la kwanza ni mabega, la pili kifua, la tatu kiuno, na la mwisho ni urefu mpaka chini ya goti. Hivyo ndivyo tunavyopimana kisiwani kwetu Tundwani. Mama humsimamisha mwanawe mlangoni, humpitishia kamba, hufunga mafundo, kisha nchani hufunga kitambaa kilichochanwa kwenye kanga yake kuukuu, ijulikane ni mtoto wa nyumba gani. Fundi akishaipata kamba hana haja ya kumwona mtoto.

Fundi wetu alikuwa Hafidha, binti wa dada yangu.

Tundwani ni padogo hata kupaita kisiwa ni kupapa heshima. Ukikaanga samaki upande huu, upande wa pili wanajua ni samaki gani. Pana msikiti, pana kisima, pana skuli ya vyumba viwili. Zahanati hapana. Anayeumwa huvushwa kwenda kisiwa kikubwa, na kuvuka kunataka maji yajae.

Mwaka ule serikali ilituletea watu wake. Wakasema sisi ni wachache mno. Skuli yenye watoto chini ya arobaini haiwezi kuendelea kupewa mwalimu, na pasipo skuli watu wakae wafanye nini? Tutahamishiwa kisiwa kikubwa, kwenye nyumba za mabati mapya, karibu na zahanati na umeme. Tundwani yenyewe atapewa mtu ajenge hoteli. Wakasema watarudi siku ya kufungua skuli, waite majina mmoja mmoja, na kila jina lazima liitikiwe. Kisha wakapanda boti yao. Mmoja wao alidondosha kiatu majini, watoto wakacheka, na hicho ndicho kicheko pekee tulichokipata siku ile.

Wanawake wakakubaliana: wakirudi wakute skuli iliyo hai, watoto wote sare mpya, kola zimenyooka. Lakini fundi alikuwa hashoni tena. Masika yaliyopita Hafidha alifiwa na mwanawe, mmoja tu aliyekuwa naye, Lulu, wa darasa la pili. Homa. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa mchangani, na yalipojaa hapakuwa tena na haja ya kuvuka. Gharib, baba wa mtoto, alisimama kando ya ile boti mpaka watu wakamshika mkono wakamrudisha nyumbani. Hafidha hakulia. Watu walitaka alie, walimkalia wakamngojea, hakulia. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia oga, anaoga. Cherehani yake aliifunika shuka.

Mimi wakati ule nilikuwa mfanyabiashara, nafuata madera na mashuka. Nilianza na Dubai, Dubai ikapanda bei, nikawafuata wenzangu mpaka China. Nikasema: nipeni huyu Hafidha na kamba zenu, sare tutashonesha kwa Wachina, vitambaa kule vimejaa, na yeye akiona watu wageni pengine ataamka. Nikamchukua na shemeji yake Ussi, mdogo wake Gharib, abebe mizigo na atuchekeshe njiani. Mizigo alibeba.

Tulipanga vyumba viwili ghorofa ya sita, nyuma ya barabara ya Zhanxi, kule kwenye maduka ya jumla ya nguo na viatu. Kila asubuhi mama mmoja wa Kichina alituletea chupa ya maji ya moto, akanusa hewa ya chumba, akanitazama mimi, nami nikatazama dirisha. Kupika ndani ilikuwa marufuku. Jiko letu la umeme la wali tulilificha kabatini chini ya mashuka, na harufu ya iliki haifichiki.

Siku ya pili tukiwa Zhanxi, mkokoteni uliojaa maboksi ya viatu ulimpanda Hafidha kisigino. Mvutaji akapiga kelele, Ussi akapiga kelele, kila mmoja kwa lugha yake. Hafidha akasogea pembeni kama aliyeombwa njia. Tukaendelea kuzunguka, tukapanga bei, tukala. Tuliporudi chumbani akavua soksi, na ile soksi ilikuwa imegandana na ngozi kwa damu.

"Mwanangu, hukusikia maumivu?"

"Nilisikia kitu," akasema.

Nikamwosha mguu kwa maji ya chupa ya mama wa Kichina. Alikuwa akiutazama mguu ule kama wa jirani.

Wa kutusemea Kichina alikuwa kijana mmoja wa Bukoba, Wilbard, anasoma udaktari kwa ufadhili. Heshima zake zilikuwa nyingi. "Shikamoo mama" asubuhi, "shikamoo mama" mchana, mpaka Ussi akamwambia, "We Wilbard, utamzeesha huyu, kila shikamoo inamwongeza mwaka." Ndiye aliyetupeleka Kangle, ng'ambo ya mto. Kangle ni kijiji kilichomezwa na mji. Vichochoro vyake vyembamba, juu nyaya, chini vipande vya vitambaa, na kila mlango unavuma kwa vyerehani.

Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi wakati ule, kandambili miguuni, futi ya kupimia shingoni. Wafanyakazi wake walimwita laobanniang, ndiyo kusema bosi wa kike, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Nilipomimina kamba zetu mezani akarudi nyuma hatua moja.

"Mei you!" akasema, hakuna! Neno hilo nilikuwa nalijua, ndilo la kwanza kujifunza kule. Hakuna kipimo cha namna hii duniani.

Ussi akasimama katikati ya karakana, akajizungushia kamba ya mtoto wa darasa la kwanza, ikamfika nusu ya tumbo. Akaonyesha: hili bega, hiki kifua, hiki kiuno. Mafundi wakaacha mashine wakaja kutazama. Laobanniang akacheka mpaka akapangusa macho, kisha akaichukua ile kamba, akailaza juu ya futi yake, fundo mpaka fundo, akaandika. Akamtazama Ussi, akaitikia kwa kichwa. Imeeleweka.

Tukachagua kitambaa, buluu ya sketi na kaptula, cheupe cha mashati na shungi. Atashona moja kwanza tuione. Tukatoa kamba ya Ilham, binti wa Abass mwenye duka. Hafidha muda wote alikuwa kimya kwenye kiti. Tulipokuwa tunaaga ndipo akasema, "Mwambieni aache upindo. Wa kiganja kizima."

Unajua upindo wa sare. Kwetu mtoto hanunuliwi sketi kila mwaka. Sketi hukunjiwa ndani kiganja kizima, mtoto akirefuka unafumua, unashusha, unakunja tena, mpaka siku kitambaa kinapokwisha. Ukiona sketi ya skuli ina mistari miwili mitatu iliyopauka, unajua mwenyewe amekaa nayo. Laobanniang alipotafsiriwa akanung'unika kwamba kitambaa kingi kitalala ndani bure. Akaandika.

Jumapili Wilbard alikuja na filamu. Ussi alikuwa amenunua deki ya VCD ya kupeleka nyumbani, na hakutaka kuifunga kabla hajaijaribu. Tukakaa vitandani, mchana, jua linaingia mpaka kwenye kioo cha televisheni.

Filamu yenyewe ya Kiingereza, ya zamani kidogo, maandishi ya Kichina yanapita chini. Wilbard alianza kututafsiria yale wanayosema, akakwama. "Mama, Kiingereza cha visiwani kwao hiki, hata Mwingereza mwenzao hakielewi," akasema. Akawa anasoma Kichina anatupa Kiswahili, huku Waingereza wanazungumza.

Kisiwa chao kilikuwa cha mawe na kondoo na upepo. Serikali kutoka London imekata shauri kusimamisha meli yao, iwahamishe, ipande misonobari ya mbao. Wakiwa watu mia moja watabakishwa. Chini ya mia, basi. Anakuja bwana mmoja wa serikali, mwavuli mkononi, kofia nyeusi ya duara, kuhesabu nyumba kwa nyumba. Nao hawafiki mia hata wakijumlisha mbwa.

Basi, wanafanyaje? Akishahesabu nyumba ya kwanza, wenyewe wanatokea mlango wa nyuma, wanaruka ukuta, wanahesabiwa nyumba ya pili wamebadili kofia. Bibi mmoja mnene kahesabiwa mara tatu. Mara ya tatu katoka amebandika ndevu za manyoya ya kondoo. Bwana wa serikali anamwambia, "Bibi, wewe nimeshakuona." Bibi anajibu kwa sauti nzito, "Umemwona dada yangu."

Ussi alianguka kitandani. Kweli alianguka, na deki ikatikisika, picha ikaganda, ikabidi tuanze tena pale kwenye ndevu, akaanguka mara ya pili. Hata mimi nilicheka. Mwisho yule bwana amelowa mvua, wamempa chai, anajumlisha hesabu yake inakuja tisini na tisa. Anawatazama. Anatazama kikombe. Anajiandika mwenyewe.

Nikamgeukia Hafidha. Alikuwa akiitazama filamu kama unavyotazama chungu kinachochemka, si kwa kupenda, ila kisimwagike.

"Kaka Wilbard," akasema. "Pale pana daktari?"

"Wapi, dada?"

"Kisiwani kwao."

Wilbard akafikiri. Kijana mwema yule, alifikiri kweli. "Sikuona, dada. Walionyesha kanisa, na duka."

Hafidha akaitikia kwa kichwa, akaenda kuosha vikombe.

Ussi ndiye aliyebaki amewaka. Hakulala na jambo lile. Ijumaa, siku ambayo sheha wetu Mbarak huvuka kwenda mjini kusali na hukaa dukani penye simu, Ussi akaingia kwenye kibanda cha simu za nje, akafunga kioo, sisi tumesimama nje na machungwa yetu. Alikuwa akipiga kelele hata bila simu wangemsikia.

"Sheha! Majina ya waliohamia mjini yamefutwa? … Hayajafutwa? Allah akuweke! … Sikiliza. Tunaazima watoto. Watoto wa shemeji zetu, kisiwa cha pili, wanavushwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Akiitwa Jaffari wa mjini, anaitika Jaffari wa kuazima! … Ndiyo! Sare zinatoka huku! … Sheha, wewe unacheka? Usinicheke, simu inakwenda!"

Wakaanza kuhesabu. Tulimwona akikunja vidole. Walioko ni thelathini na mmoja. Akaongeza watoto wa nani, wa nani, mapacha wa yule mwenye mguu mbovu. Akaja kwenye kidole cha mwisho. Akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, na mgongo wake tulioutazama kwenye kioo ukalegea.

Alipotoka hakufanya mzaha wowote.

"Imefika thelathini na tisa," akaniambia mimi, lakini macho yake hayakuwa kwangu. "Kuna jina jingine moja ambalo mwalimu hajalifuta. Anasema ameshindwa kulifuta." "Shemeji. Sheha anasema hawezi kufanya lolote bila ruhusa yako, na Gharib kasema mwenye neno ni wewe. Ilham anamtosha kwa kimo. Yeye ataitikia jina lake, kisha azunguke nyuma abadili sare, kama wale Waingereza, aitikie la pili. Sheha anauliza, Lulu aitwe au asiitwe?"

Hafidha alikuwa akimenya chungwa. Akaendelea kumenya. Ganda halikukatika, lilishuka refu mpaka magotini. Akagawa vipande, akampa Ussi, akanipa mimi. Tukala.

Nikueleze na hili, maana wewe si wa kwetu. Tundwani jina la aliyekufa haliitikiwi. Hata mtu akiita kwa kusahau, kwenye arusi, kwenye mazungumzo, waliopo hukaa kimya mpaka lile jina lipite. Hakuna aliyetufundisha, tumekua tunaona. Kwa hiyo hili lilikuwa zito kuliko kofia za Waingereza. Mtoto wa watu asimame mbele ya serikali aseme "Nipo", na mama mwenye jina awe anasikia.

Siku zikaenda. Ussi hakuuliza tena. Alimzunguka shemeji yake kama mtu anayezunguka kitu cha kuvunjika. Nami sikuuliza, nilikuwa nafunga mizigo, nakata kamba za plastiki, nakaa juu ya maboksi ili yafunge. Mchana mmoja tuko peke yetu, wali uko kabatini unaiva, Hafidha akasema bila kuinua uso:

"Mama mdogo, huko wanakotaka kutuhamishia, zahanati iko kweli?"

"Iko. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ina daktari?"

"Ana zamu zake. Lakini yuko."

Akafikiri. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye ufa wa mlango wa kabati.

"Angekuwa amepona huko."

Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Ndiyo tunayosema.

"Na tukihama," akasema, "yeye abaki na nani?"

Nikafungua kabati nikapakua wali. Nilimpa ukoko, anaupenda. Akala.

Basi, siku ya kwenda kuangalia ile sare ya mfano ikafika. Wilbard alitutangulia. Laobanniang alikuwa ameitundika ukutani kwa fahari, shati, sketi, ushungi, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Ussi akaichukua ile sketi, akaiweka kiunoni kwake.

Ikamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Subhanallah," akasema Ussi. "Ilham kafunga ndoa?"

Laobanniang akasema maneno mengi kwa haraka. Wilbard akasema, "Anasema amefuata kamba yenu, mama. Fundo mpaka fundo. Halafu ameacha huo upindo mliotaka, bado hajaukunja. Anauliza hiyo ni skuli ya watoto au ya majitu."

Mafundi wakacheka, Ussi akaanza kutembea na sketi ile, hatua fupi fupi za bibi harusi, wakazidi kucheka. Nikaichukua kamba ya Ilham nikaiangalia. Kitambaa cha kanga ni cha mama yake, hakuna kosa. Sikuelewa.

Hafidha aliinuka kwenye kiti chake. Akaichukua kamba mkononi mwangu, akalipitisha fundo la mwisho kati ya vidole viwili.

"Mama yake kaongeza," akasema. "Wote huongeza. Kila mama kwetu hufunga fundo lililokwisha kumkuza mtoto, anaogopa fundi atambania kitambaa. Mimi huwa napunguza. Nilisahau kusema."

Ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema kwa mkupuo tangu tutoke nyumbani.

"Kwa hiyo zote zina urefu wa uongo?" akauliza Ussi.

"Si zote sawa. Kila mama na wake."

Wilbard akatafsiri. Laobanniang hakukasirika. Alimtazama Hafidha kwa mara ya kwanza, akamvutia kiti mezani, akampa chaki. Akasema, na Wilbard akasema, tupitie kamba moja moja, amwambie kila mtoto apunguze wapi na aache upindo kiasi gani.

Wakakaa wale wanawake wawili bega kwa bega. Hafidha anatoa kamba kikapuni, anaishika, anasema, Wilbard anatafsiri, laobanniang anatia alama.

"Huyu punguza vidole vinne, mama yake hajui kusema kweli hata kwa kamba."

"Huyu mwache alivyo. Bibi yake ndiye aliyempima, bibi haoni vizuri, kapatia."

"Huyu Dullah. Kaptula, si sketi, Wilbard, mwambie asije akachanganya. Upindo mkubwa, babake alikuwa akigonga kichwa mlangoni."

"Huyu upindo mdogo. Wa kwao wote wafupi."

"Kama Ussi," nikasema.

"Mfupi kama Ussi, ndiyo."

"Mimi si mfupi," akasema Ussi, "nimekunjwa upindo."

Laobanniang alitaka naye atafsiriwe hilo. Akapiga meza. Nikamwangalia Hafidha kama amecheka. Hakucheka, lakini alingoja wamalize kucheka kabla hajachukua kamba nyingine, na hapo nyuma alikuwa hangoji.

Walikwenda hivyo hivyo mpaka kikapu kikaisha. Watoto wa kuazima hawakuwa na kamba, Hafidha akawalinganisha, huyu sawa na Dullah, huyu sawa na yule wa darasa la nne. Nje mvua ilianza, mtu akaingiza ndani mkokoteni wa majora, tukabanana zaidi.

Laobanniang akahesabu alama zake. Akahesabu tena kwa ncha ya penseli. Akamgeukia Ussi.

"Anasema ulimwagiza arobaini," akasema Wilbard. "Hapa ziko thelathini na tisa. Kitambaa cha arobaini kishakatwa kwenye jora. Kamba ya mwisho iko wapi?"

Ussi akaangalia chini. Masikini, alikuwa ameagiza kabla hajaruhusiwa, kwa matumaini tu. Akanyoosha kiganja hewani, usawa wa mbavu zake. "Kiasi hiki," akasema. "Msichana. Kiasi hiki tu, tutakisia."

Laobanniang akakitazama kile kiganja. Wilbard akasema kwa sauti ndogo, "Anasema hawezi kukata kwa hewa."

Hakuna aliyemtazama Hafidha, na wote tulikuwa tunamtazama. Mashine zilikuwa zinavuma. Nikawa nafikiri nivunje shauri mimi, niseme basi, thelathini na tisa zinatosha, mmoja aumwe siku hiyo, serikali nayo ina watoto. Lakini nilijua hazitoshi. Walisema arobaini.

Hafidha akanyoosha mkono akachukua kipande cha tepe nyeupe kilichokuwa mezani, zile za kushonea viunoni. Akakivuta kikanyooka. Akafunga fundo. Hakupima kwa shibiri, hakukisia, hakusimama kufikiri. Akafunga la pili, la tatu. Alipofika la mwisho aliusogeza mkono nyuma kidogo, kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Akakilaza mbele ya laobanniang.

Laobanniang, hajui hili wala lile, akalaza futi yake juu ya tepe, akaandika, akatia alama, akachukua chaki. Akauliza swali lake lile lile.

Wilbard hakutafsiri.

"Anasemaje?" akauliza Hafidha.

"Anauliza, dada." Akajipangusa paji la uso. "Anauliza huyu naye aachiwe upindo kiasi gani."

Ussi akafungua mdomo. "Weka tu kama wa Il…" Nikamfinya ubavuni, akaufunga.

Laobanniang akatutazama mmoja mmoja. Akadhani hatukuelewa. Akatabasamu, akainua kiganja kutoka mezani, polepole, juu, juu, kama anayeonyesha muhindi unavyoota baada ya mvua, akasema maneno machache ya upole.

"Anasema umri huu hurefuka haraka," akasema Wilbard. Alikuwa anaongea na meza. "Anakushauri uache mkubwa."

Hafidha akaurudisha mkono wa yule mama mezani. Hakuusukuma, aliushika tu akaushusha, akauacha mkono wake juu yake.

"Mshukuru," akasema. "Mwambie huyu asimwachie upindo. Akate hapo hapo kwenye fundo."